Je, Wajua? Vipepeo wa Meru na Embu, na watu wanaowaandika

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki. Inapita Runyenjes na Chuka, inashuka na kupanda mabonde chungu nzima, na kila bonde lina mto wake, kahawa yake, migomba yake na vipepeo wake. Mto una jina, kahawa ina kiwanda, migomba ina wenyewe. Vipepeo ndio hawana wa kuwasemea, ila pale mwalimu, mkulima au kijana wa boda boda anapoamua kuandika alichokiona, siku aliyokiona na mahali. Mengi tunayoyajua kuhusu ndege na wadudu wa Afrika Mashariki yalianza hivyo hivyo, kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa nyingine kabisa.

Mraba wa Meru ni mraba kweli

Tangu mwaka 2013 wapenda ndege wa Kenya wamekuwa wakichora upya ramani ya ndege wa nchi hii, katika mradi uitwao Kenya Bird Map. Nchi nzima imegawanywa katika vipande vya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo. Utaratibu huo ulitoka Afrika Kusini, na huko una kasoro ndogo ya kijiometria: mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, hivyo kipande cha Cape Town kina kilomita 9.2 kutoka kaskazini hadi kusini lakini kilomita 7.7 tu kutoka mashariki hadi magharibi. Ikweta yenyewe inapita kati ya Nkubu na mji wa Meru. Kwa hiyo mkazi wa Meru anayehesabu ndege anahesabu ndani ya mraba halisi, wenye kilomita 9 na ushei kila upande, sawa na kilomita za mraba 85 hivi.

Kanuni zake hazimtishi mtu. Unakaa ndani ya mraba wako kwa muda usiopungua saa mbili, unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliowaona au kuwasikia, na unaweza kuendelea kuongeza majina kwa siku zisizozidi tano. Idadi ya ndege haitakiwi. Wengi hutumia programu ya simu iitwayo BirdLasser, lakini daftari linatosha kuanzia.

Uzuri wa mpango huu umo katika kurudiarudia. Orodha moja haisemi mengi. Zikifika kumi, unaweza kuuliza: ndege fulani ameonekana katika orodha ngapi? Kama zamani alikuwa katika nane kati ya kumi na sasa yumo katika mbili, kuna jambo limetokea bondeni. Ndiyo maana mwenyeji mmoja mvumilivu wa Runyenjes ana thamani kuliko watalii ishirini waliopita mara moja na kamera za bei mbaya.

Mkaazi wa magugu

Je, wajua kwamba mmoja wa ndege adimu wa Kenya hujificha katika kichaka ambacho kila mkulima angependa kukifyeka? Jina lake la kisayansi ni *Turdoides hindei*, na alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1900. Hapatikani katika nchi nyingine yoyote. Makao yake ni mabonde ya mito kusini na mashariki mwa Mlima Kenya, yakiwemo ya Mwea, Embu na Meru. Hutembea kwa jamaa, ndege wachache pamoja, na wana kelele kweli kweli. Macho yao ni mekundu, na manyoya yao ya kahawia yametapakaa mabaka meupe bila mpango. Hakuna wawili wanaofanana, jambo linalomfaa sana mtu anayetaka kuwafahamu mmoja mmoja.

Zamani ndege hawa waliishi katika vichaka vya asili vya kando ya mito. Vichaka hivyo vilipofyekwa kupisha kahawa na mahindi, kilichochipuka kwenye mapengo kilikuwa lantana, mmea uliotoka Amerika, ambao hudhuru mifugo wanaoula na umo katika orodha ya magugu mabaya kuliko yote duniani. Ndege wakahamia humo. Watafiti waliowachunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba bila msitu huo wa magugu jamaa nyingi zingekosa pa kulala na pa kutagia.

Vipepeo nao hawabagui: vishada vya maua ya lantana, manjano na waridi, hujaa vipepeo kuanzia saa tatu asubuhi jua likitoka. Sisemi lantana ipandwe, la hasha. Ila anayetaka kuing'oa ukingoni mwa mto angepanda kwanza vichaka vya kienyeji, vikishashika ndipo ashike panga.

Mavi ya ndege yanayotembea

Twende nyuma ya nyumba, kwenye mlimau. Tafuta tawi lenye majani machanga na ulitazame kwa karibu. Huenda ukaona yai moja la duara, la manjano hafifu, limebandikwa peke yake ukingoni mwa jani. Rudi baada ya siku kadhaa: pale pana kitu cheusi chenye doa jeupe katikati, kinang'aa kama kilicholowa, na ungeapa ni kinyesi cha ndege. Ni kiwavi wa *Papilio demodocus*, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye kila mtoto wa Embu amewahi kumkimbiza. Ndege hatamani kula kinyesi chake mwenyewe, kwa hiyo kiwavi anapona.

Akikua, ujanja huo haumfai tena, maana hakuna kinyesi cha urefu wa kidole. Basi hujivua ngozi na kuwa kijani chenye mikanda ya kahawia, rangi ya jani na kivuli chake. Mguse kidogo kwa ncha ya kijiti. Nyuma ya kichwa hutokeza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali hujaa puani. Sisimizi na nyigu wadogo huikimbia harufu hiyo.

Milimau na michungwa si miti ya asili ya Afrika. Kipepeo huyu alikuwa akitaga kwenye miti ya porini ya ukoo huo huo, kisha watu walipoleta machungwa akajikuta ana chakula katika kila boma. Mwenye kitalu cha miche ya michungwa hampendi hata kidogo, na ana haki yake, kwa kuwa viwavi watatu wanaweza kuuacha mche mdogo uchi. Lakini mti mkubwa hausikii lolote.

Kwa wanafunzi, hakuna somo la sayansi lililo rahisi zaidi. Tawi la mlimau ndani ya chupa ya maji, neti kuukuu ya mbu juu yake, kiwavi mmoja, na daftari la tarehe. Yaandikwe yote, hata yanayovunja moyo: mara nyingine pupa hupasuka na badala ya kipepeo hutoka nyigu wadogo waliokuwa wakimla kwa ndani. Hiyo nayo ni kumbukumbu, tena ya maana, kwa sababu nyigu hao ndio wanaozuia viwavi wasimalize mashamba ya machungwa.

Baba mmoja, mama wa sura nyingi

Kuna ndugu yake wa msituni, *Papilio dardanus*, ambaye aliwachanganya wataalamu kwa karibu karne nzima. Dume ni wa manjano iliyopauka, mwenye mikia miwili. Jike, katika sehemu kubwa ya Afrika, hana mikia na hana sura moja: huyu ni mweusi na mweupe, yule wa rangi ya chungwa na nyeusi, mwingine ana madoa makubwa ya kahawia. Nyingi za sura hizo huiga, kila moja, kipepeo mwingine ambaye ndege wamejifunza kumwogopa kwa ubaya wa ladha. Wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wamewapa wanawake hao majina tofauti, kila mmoja spishi yake. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Cape Town, alisema wote ni wake wa dume mmoja. Baadhi ya wakubwa wa London walimcheka. Ukweli ulithibitika pale mayai ya jike mmoja yalipofugwa na watoto wakatoka na sura za kila namna.

Hapo hadithi inaingia hospitalini. Katika miaka ya 1950, daktari wa Liverpool aitwaye Cyril Clarke alikuwa akifuga vipepeo hawa kama burudani, akishirikiana na mtaalamu wa jenetiki Philip Sheppard. Waliona kwamba sura ya jike hutawaliwa na jeni zilizobanana pamoja kiasi cha kurithishwa kama kitu kimoja. Clarke akakumbuka kwamba makundi ya damu ya Rh nayo yalidhaniwa kurithiwa kwa mtindo huo. Akahamishia utafiti wake huko, na kufikia miaka ya 1960 kikosi chake cha Liverpool kilikuwa miongoni mwa waliogundua kinga ya anti-D. Leo mama mwenye damu ya Rh hasi akijifungua mtoto mwenye Rh chanya, awe Meru au Manchester, hudungwa sindano hiyo ili mwili wake usije ukaishambulia damu ya mtoto atakayefuata. Wanaouliza kipepeo ana faida gani wapewe habari hii.

*Papilio dardanus* hutaga kwenye miti ya msituni ya ukoo wa mlimau. Miti hiyo ingali ipo katika misitu ya Imenti, inayoukumbatia mji wa Meru, na katika mabaki ya misitu ya Embu. Ukimwona kipepeo mkubwa wa manjano mwenye mikia akipita juu ya ua lako bila kutua, ujue msitu hauko mbali.

Familia za mabinti watupu

Kipepeo wa rangi ya chungwa iliyoiva, mwenye ncha nyeusi na mabaka meupe, *Danaus chrysippus*, yuko kila mahali, hata kwenye ploti tupu za katikati ya mji. Viwavi wake hula mimea inayotoa utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mpaka anapokuwa kipepeo. Ndege akimla hujuta. Jike wa kipepeo mwingine, *Hypolimnas misippus*, amemwiga kwa usahihi kiasi kwamba wanaohesabu vipepeo hulazimika kutazama mara mbili. Dume wake hafanani naye hata chembe: ni mweusi mwenye madoa meupe yaliyozungukwa na urujuani.

La kushangaza zaidi ni la ndani. Katika eneo la Nairobi, majike wengi wa *Danaus chrysippus* huzaa mabinti watupu. Bakteria aitwaye Spiroplasma, anayerithiwa kutoka kwa mama, huua mayai yote yenye watoto wa kiume. Mabinti wakianguliwa hula mayai ya kaka zao yaliyokufa, huo ukiwa mlo wao wa kwanza. Utafiti wa jenetiki uliotolewa mwaka 2020, ambao ndani yake walikuwemo Ian Gordon, Steve Collins na Dino Martins, majina yanayojulikana na kila mpenda wadudu wa Kenya, ulionyesha jinsi bakteria huyo alivyosambaa pamoja na kromosomu moja yenye jeni za rangi. Kwa maneno mengine, rangi ya bawa inaweza kukudokeza kama familia hiyo ina wavulana. Picha ya simu yenye tarehe na mahali, iliyopigwa Embu au Maua, ni data ya jambo hilo hilo.

Waliokodolea msitu macho

Nani alisema vipepeo hawalipi karo? Mwaka 1993, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke katika eneo la Kilifi, ulianza mradi wa Kipepeo, chini ya uongozi wa Ian Gordon huyo huyo na kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi. Wakati huo wengi wa waliopakana nao waliuona kama balaa: tembo walitoka humo na kula mahindi, na ardhi yenyewe ingetosha kugawiwa watu. Walitaka ukatwe.

Mradi ukaja na biashara ngeni. Mkulima anakamata majike wachache msituni, anawafungia katika kibanda cha neti kilichopandwa miti wanayoipenda, wanataga, naye anawalisha viwavi majani mabichi asubuhi na jioni. Wakigeuka pupa huwachuma kwa uangalifu na kuwapeleka Gede, ambako hulipwa kwa kila pupa aliye mzima. Kutoka hapo hufungwa kwenye pamba na kupanda ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Biashara yenyewe ni mbio, kwa sababu pupa hasubiri forodha. Siku zake zikitimia atatoka, hata kama bado yuko ndani ya boksi uwanja wa ndege.

Kilichobadilisha mawazo ya watu ni hesabu. Bila msitu hakuna majike wapya wa kuongeza damu, na kizazi kinachozaana chenyewe kwa chenyewe hudhoofika. Aliyetaka mti ukatwe akawa mlinzi wake. Mfano huo ulisambaa: Kakamega vijana wa kikundi cha mazingira cha KEEP walijenga nyumba yao ya vipepeo, na Tanzania mradi wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ulianza mwaka 2003. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, ikilenga biashara mbaya za wanyama wakubwa, wafugaji wa vipepeo wa Amani nao wakakumbwa. Wateja wao wote walikuwa ng'ambo.

Anayewaza kuiga hayo ukingoni mwa Imenti, au kwenye kilima cha Kirimiri kule Runyenjes, ayapime yote mawili. Kufuga wanyamapori kwa biashara kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), na pupa hauzwi soko la Gakoromone. Mimi naona wageni wa kutembezwa msituni na mtu anayejua majina wangeleta pesa upesi zaidi.

Sisimizi mahakamani

Aprili 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wa sisimizi wavunaji wapatao 5,000, waliofungiwa kwenye vijichupa vyenye pamba. Mwezi uliofuata mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Waliodhani wanyamapori ni tembo na faru peke yao walipata somo. Kipepeo naye yumo.

Ndiyo sababu programu ya iNaturalist, inayotumiwa na watu wengi duniani kuweka picha za viumbe, huficha mahali hasa alipopigwa picha kiumbe aliye hatarini. Badala ya nukta kamili, ramani huionyesha mahali popote ndani ya mraba ambao hapa kwetu una kilomita 22 hivi kila upande. Mwizi akienda, atakuwa na mraba mzima wa kutafuta. Kwa viumbe wa kawaida, nukta huonekana wazi, na picha ikikubaliwa na zaidi ya theluthi mbili ya waliojaribu kuitambua huweza kupelekwa kwenye hifadhi ya data ya GBIF huko Copenhagen, ambako mtafiti yeyote ataikuta.

Kasisi, daktari na wenzao

Chama cha historia ya viumbe ambacho leo kinaitwa Nature Kenya kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, na mwaka uliofuata kikafungua jumba dogo la vielelezo lililokuja kuzaa Makavazi ya Kitaifa. Waliokiendesha hawakuwa maprofesa. Kasisi St. Aubyn Rogers alikuwa mmishenari aliyekusanya vipepeo kati ya ibada na ibada. V. G. L. van Someren alikuwa daktari, na vipepeo wepesi wa jenasi *Charaxes* walimshika maisha yake yote. Torben Larsen, Mdenmark ambaye alitembea dunia kwa kazi za maendeleo, ndiye aliyetoa mwaka 1991 kitabu kikubwa cha vipepeo wa Kenya, chenye karibu spishi 900. Uingereza nzima ina 59.

Meru yenyewe ina makavazi tangu 1974, katika jengo la enzi ya ukoloni. Wengi huingia kuona mambo ya kale ya Wameru. Bustani ya nje pia inastahili nusu saa ya mtu mwenye daftari.

Kisanduku cha hewa

Waingereza, hao wenye spishi 59, wamewahesabu vipepeo wao kwa utaratibu mmoja tangu 1976, nao unaigika bila gharama. Chagua njia utakayoipita kila wiki, kilomita moja hivi: kwa mfano kutoka kituo cha boda hadi ukingo wa msitu. Tembea polepole ukijifikiria umo ndani ya kisanduku cha hewa kinachokutangulia, mita mbili na nusu kulia, mita mbili na nusu kushoto, mita tano mbele na mita tano juu. Kipepeo aliye ndani ya kisanduku anahesabiwa. Aliye nje, hata awe mzuri namna gani, anaachwa. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu yule mrembo huwa nje kila mara.

Kipepeo hana joto lake mwenyewe, sharti alipate kwa jua. Kwa hiyo hesabu ya Julai asubuhi, wakati ukungu na manyunyu vimeutandika mji wa Meru, itakuwa sifuri, na sifuri hiyo haimaanishi chochote. Subiri jua, kuanzia saa tatu na nusu hivi hadi saa tisa. Andika hali ya mawingu na upepo kabla ya kuandika kipepeo wa kwanza. Waingereza hupumzika majira ya baridi. Sisi hatuna likizo hiyo, na mwaka mzima wa hesabu una misimu miwili ya mvua ya kulinganisha.

Wapo wasiokuja kwenye maua kabisa. *Charaxes* hupenda utomvu unaochacha, matunda yaliyooza na hata mavi ya chui. Hao hutegwa kwa mfuko mrefu wa neti uliotundikwa mtini, chini yake sahani ya ndizi mbivu zilizoachwa zichache siku mbili tatu. Kipepeo akishakula huruka kwenda juu, wala hakumbuki kwamba mlango uko chini. Hupigwa picha, huandikwa, huachiliwa. Harufu ya chambo chenyewe hukaa mkononi hadi jioni, sabuni au bila sabuni.

Miji inayoshindana

Mwaka 2016 Los Angeles na San Francisco zilitaka kujua ni wakazi wa mji upi wangepiga picha viumbe wengi zaidi kwa siku chache. Mashindano hayo sasa ni ya dunia nzima, na mwaka 2019 Cape Town iliongoza kwa idadi ya kumbukumbu. Afrika inaweza.

Mto mweupe angani

Kuna siku, hasa baada ya mvua, vipepeo weupe hupita juu ya barabara ya Isiolo na mashamba ya Tharaka kwa saa nyingi, wote upande mmoja, kana kwamba wameitwa. Wengi huwa *Belenois aurota*, ambao viwavi wake hula vichaka vya nchi kavu. Wakizaliwa wengi mno na majani yakaisha, huondoka. Pamoja nao huwepo *Catopsilia florella*, mweupe wa kijani au manjano, ambaye hutaga kwenye mimea ya jamii ya mjohoro.

C. B. Williams, Mwingereza aliyefanya kazi Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, aliona misafara kama hii, na mwaka 1930 akatoa kitabu kizima juu ya uhamaji wa vipepeo. Alitegemea barua: mabaharia, wamishenari na wakulima walimwandikia waliyoyaona. Kitu cha kumwandikia mtu wa namna hiyo ni rahisi. Simama, chagua miti miwili iliyoachana mita ishirini au thelathini, hesabu wanaopita katikati kwa dakika moja, kisha andika wanaelekea upande gani na upepo unatoka wapi. Rudia baada ya saa moja.

Bingwa wa safari ni *Vanessa cardui*, anayeonekana pia kwenye bustani za Embu. Vizazi vyake hupokezana safari ya kati ya Afrika na Ulaya, kuvuka Sahara kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 12,000. Mwaka 2013 wachache walikutwa wamechoka ufukweni mwa French Guiana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba walikuwa wamevuka Bahari ya Atlantiki kutoka Afrika Magharibi.

Mapapai na zamu ya usiku

Kipepeo akilala, nondo anaamka, na mkulima wa mapapai wa Mbeere anamhitaji kuliko anavyodhani. Maua ya mpapai ni meupe na hunukia giza likiingia. Dino Martins na Steven Johnson, waliochunguza mashamba ya mapapai nchini Kenya na kutoa matokeo mwaka 2009, walikuta kwamba wachavushaji wakuu ni nondo wakubwa wenye mabawa membamba, wale wanaoelea mbele ya ua bila kutua. Mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili yalitembelewa zaidi, kwa kuwa viwavi wa nondo hao hulelewa na mimea ya porini. Anayefyeka mpaka ukingo wa mwisho huenda anafukuza vibarua wake wa usiku.

Mbegu nyingine za kisasa zina maua yenye jinsia zote mbili na hujichavusha. Lakini penye mipapai dume na jike, mchezo ni wa udanganyifu: ua la dume lina asali, la jike halina kitu. Nondo hulizuru kwa kukosea, na kosa lake ndilo papai lako.

Kuwahesabu kunataka kiti tu. Keti mita mbili kutoka kwenye mti kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa moja na robo, tochi ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyekundu ya peremende. Andika dakika kila nondo alipofika, amezuru maua mangapi, na kama mti ni dume au jike. Kwenye mti jike weka macho yote, maana asiyekuta asali hakai.